Dakika Tatu

Naanza na mawe. Siku zote naanza na mawe.
Maji yamenifika magotini, kilima kiko mgongoni,
uso nimeuelekeza shambani kwa kaka yangu.
Wavu umesimama mbele ya buti, mdomo wazi.
Saa imeanza.
Dakika tatu za kuparura changarawe kwa kisigino.
Mpita njia atadhani Tegwen kachanganyikiwa,
anacheza peke yake kijitoni mwezi wa Machi,
mvua ya mawe ikimpigia kofia makofi.

Kisha trei nyeupe.
Mwanzoni huoni kitu:
jani la mwaloni lililooza, mchanga, kigae cha sahani ya nani sijui.
Subiri. Trei ikishatulia
takataka huanza kutembea.

Huyu wa mikia mitatu, apepeaye matamvua ubavuni,
ataota mbawa Mei, aishi siku moja, asile chochote.
Huyu wa mikia miwili ni mwenye kuchagua,
hataki maji ya uvuguvugu, hataki maji yaliyolala.
Na huyu kajishonea kanzu ya kokoto,
kokoto kwa kokoto, uzi wake umetoka kinywani.
Nawahamisha kwa kijiko cha plastiki:
kumi na tisa, saba, kumi na mmoja.
Naandika kwa penseli, maana wino hulia mvuani.
Juu ya ua, Nant Eithin ni mzima.

Chini ya ua ni hatua mia mbili.

Pale kuna bomba linalochungulia kati ya mizizi.
Nyumbani kwetu halitajwi.
Baba alilifukia mwaka niliozaliwa,
Idwal akalirithi
pamoja na ng'ombe themanini na deni la benki.
Mawe ya hapa yamevaa manyoya ya kijivu,
yanateleza kama ulimi.
Dakika tatu zilezile. Wavu uleule.

Trei ikatulia, na hakuna aliyetembea.
Halafu topeni uzi mwekundu ukajikunja, ukajinyoosha,
na mwingine,
na mwingine;
nilipofika mia niliacha kuhesabu.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji.
Hawa wanalijua hilo kuliko sisi.
Maji yakiishiwa pumzi, wao huitunza ndani ya damu
na kuishi pale wenzao walipofia.
Wekundu wao si pambo.
Ni ushahidi, na unajongea.

Idwal akashuka na chai kwenye chupa.
Hakuuliza. Alichuchumaa, magoti yakalia,
akatazama treini kwa muda mrefu kama atazamavyo ndama mgonjwa.
"Hawa tulikuwa tukiwatia kwenye ndoana," akasema.
"Tulikuwa tukija kuwachota hapa hapa. Hawakuisha hata siku moja."
"Na samaki tulivulia wapi?"
Akainua mkono kuonyesha,
mkono ukapita ua, ukapanda kilimani,
ukabaki hewani.

Chai ilikuwa na sukari nyingi, kama ya mama.

Fomu ina kisanduku kimoja cha alama
na mistari miwili ya maoni, mifupi.
Juu ya ua niliandika tisa.
Chini niliandika mbili, nikaifuta, penseli ikatoboa karatasi iliyolowa,
nikaandika mbili tena pembeni ya tundu.
Mwenye ardhi: Rhydderch.
Mpimaji: Rhydderch.
Idwal aliisoma begani kwangu, akipumua.
"Bomba jipya ni pesa ngapi?"
Sikumjibu, kwa kuwa najua ni ngapi,
na najua bei ya maziwa mwaka huu.

Nikainamisha trei ukingoni mwa maji.
Wote niliwarudisha polepole, mmoja mmoja walipong'ang'ania,
hata wale wekundu.
Yeye akauchukua wavu bila kuniomba,
akauruka ua kwa shida, mtu wa miaka hamsini na minne,
akaenda kusimama juu kule, maji magotini,
akaanza kuparura,
na mimi nikamshikia saa.