Safu ya Viti

Gari hili lilikuja Pemba limeshatumika.
Kiti cha dereva kilikuja na shimo la mtu mwingine;
nikakaa humo miaka kumi na tisa
mpaka shimo likawa langu.

Makonyo mepesi, watu husema.
Kweli. Konyo moja hata siafu hulibeba.
Mimi nabeba magunia mia na ishirini,
Konde mpaka Wawi, kiwandani,
na kila korongo la njia lina makao yake kiunoni:
hili la Bahanasa huchoma,
lile la mteremkoni huvuta hadi unyayoni.
Nifunge kitambaa machoni, unipitishe,
nitakwambia tumefika wapi.

"Wewe kazi yako kukaa tu,"
shemeji yangu, mwashi, huniambia hivyo kila Idi.

Jioni sishuki garini. Namwagika.
Mkono mlangoni, mguu unapapasa ardhi,
na utingo wangu, Khatoro,
anajifanya anakagua matairi ili asinione.
Adabu hiyo sikumfundisha mimi.

Nyumbani Mize hunilaza kifudifudi.
Ana kichupa cha mafuta ya makonyo,
ya Wawi hayo hayo, kwa bei ya dukani.
Nilichopeleka kwa tani
kimenirudia vijiko vitatu.
Hukanda, hununa, hukanda.
"Hapa?"
Chini.
"Hapa?"
Chini tena.
"Chini tena ni kitanda, baba Asya."
Tunacheka. Kicheko nacho kinauma.

Daktari wa Mkoani aliinua picha dirishani,
akanionesha pingili zangu, nyeupe, zimepandana
kama vikombe kabatini mwa bibi harusi.
"Hizi mbili za chini zimegusana.
Pumzika miezi mitatu."
Nikamuuliza, na deni la gari
litapumzika na nani?
Akaandika vidonge.

Ijumaa ile, Wete, rukuu sikuifika.
Nilikwama nusu ya njia kama bawaba yenye kutu,
wenzangu wakaenda sijida, wakainuka,
mimi ningali pale, nimepinda,
siko kwa Mungu wala siko kwa watu.
Tulipotoa salamu, kijana mmoja hakuniuliza kitu.
Alileta kiti cha plastiki, cha buluu,
akakitua nyuma, ukutani, niswalie suna.
Nina miaka arobaini na miwili.
Baba yangu ana sabini na minane,
na alikuwa safu ya mbele, paji lake mkekani.
Niliomba asigeuke.

Nikakaa. Ndipo nikatupa jicho kando.
Kombo Mbwana, wa boza la maji.
Shaame, wa mchanga.
Hamadi Kai, wa gari la wagonjwa,
huyu aliyewapeleka wengi Mkoani kwa mbio
na mgongo wake haujapelekwa na mtu.
Hakuna mzee hata mmoja.
Tumekaa, mikono magotini, macho mbele,
kama waliosimamishwa na polisi
wakaambiwa wasubiri.

Baada ya dua Shaame aliniinamia,
kadiri mtu kama yeye anavyoweza kuinama,
akapapasa ukingo wa kiti chake.
"Umekisikia?" akanong'ona.
"Nini?"
"Hakitikisiki."

Hatukuinuka upesi.
Nje Khatoro alikwishapakia,
na honi aliyoipiga ilikuwa fupi,
ya heshima,
mara moja tu.