Mikono Mfukoni

Zamu yangu ya kwanza, Khovd, katikati ya Januari,
Bi Tserendulam aliniambia: tia mikono mfukoni.
Nilidhani ni kwa ajili ya baridi.

Nilikuja na daftari langu:
sentimita, dakika, mapigo kwa wino mwekundu.
Narmandakh, mke wa mchunga ngamia,
alizunguka chumba kama aliyepoteza ufunguo,
akasimama, akashika dirisha lililoganda,
akaguna guno la chini,
la mtu asukumaye lori matopeni.

Nikanyoosha mkono.
"Mfukoni," mwalimu akasema, akiendelea kufuma soksi.

Saa saba. Saa nane. Chai ya maziwa na chumvi.
Kila nusu saa pembe ya mbao tumboni,
moyo mdogo ukitwanga, ukitwanga.
Hakuna la kurekebisha.
Hili hawakuniambia darasani,
kwamba kutorekebisha nako ni kazi,
na kunauma mgongo.

"Nitajuaje, mwalimu, siku kukiwa na kasoro?"
Akahesabu vitanzi kwanza.
"Kwa kuujua usiku kama huu."

Alfajiri Narmandakh alipiga magoti mwenyewe,
akaniita. Si kwa jina, hakulijua.
"Wewe," alisema. "Wewe, njoo."

Mikono ikatoka mfukoni ina joto.
Kumbe ilikuwa kwa ajili ya baridi pia.

Kichwa kikageuka chenyewe
kama mtu apitaye mlango mwembamba,
kisha bega, kisha msichana mzima
mwenye hasira, mwenye nywele.

Soksi moja ilikuwa imekwisha.
Ya pili nikapewa mimi, na sindano zake.