Mlingoti

Simu ya mama haikuwa na salamu ndefu.
"Mvua imeshika. Isindu wameteremka
kwenye wimbi la Okwemba. Sisemi tena."
Akakata.
Mama akikukatia simu, ujue amekualika.

Ijumaa hiyo nikatoka Kisumu,
mimi na Njogu wa Nakuru, rafiki wa kazini,
mtu ambaye hajala ndege asiyemjua mfugaji wake,
na binti yangu Ayuma, miaka saba,
aliyeniuliza tangu Maseno hadi Luanda:
"Kware akiitwa, anajuaje anaitwa yeye?"
Nikampa njugu atafune.

Khwisero tulikuta tope na watu.
Okwemba, mdogo wake baba, kaketi kwenye debe
akisokota vitanzi kwa singa za mkia wa fahali;
binamu zangu wawili walibishana
ni nani mwaka jana alikanyaga mitego amelewa.
(Alikuwa Amukoya. Sote tunajua.)

Na uani, mlingoti wa mkaratusi,
matundu saba yamefuatana kama vifungo vya shati,
na katika tundu la juu kabisa, Karani.
Baba, karani wa mizani ya miwa miaka thelathini,
siku alipostaafu alimvisha ndege cheo chake:
"Huyu ndiye anayewahi kazini."

Lakini tangu matanga ya Novemba
Karani hakuwa ameita.
Alikula mtama, alikunywa, alinenepa,
akatutazama kwa jicho moja moja
kama mtu anayesubiri mkubwa wake afike
ndipo afungue daftari.

Saa kumi usiku tulilala kifudifudi ukingoni mwa shamba,
umande umeingia hadi mifukoni.
Matundu sita yalimsubiri wa saba. Kimya.
Vyura tu, na tumbo la Njogu.

Ndipo Njogu, Mungu amsamehe, akatoa simu,
akabonyeza sauti ya kware aliyoipakua mahali.
Kwiti-kwiti! Kwiti-kwiti!
Okwemba akamgeukia polepole:
"Huyo kware wako ni wa wapi?
Mbona anaita kwa lafudhi?"
Tukauma mikono tusicheke.

Na juu, gizani, kitu kikajikung'uta.
Karani alikuwa amesikia mgeni ofisini.
Alianza kwa kukwaruza, kama kalamu iliyokauka,
kisha akaita. Akaita tena, kwa hasira,
kwa sauti ya mtu aliyekuta kiti chake kimekaliwa,
na wale sita wakamwitikia,
na wimbi lote, kutoka mtoni hadi barabarani,
likaanza kutembea.

Okwemba alijifuta uso. Umande, alisema.

Kulipokucha tulihesabu kumi na mmoja;
sisi tulikuwa kumi na wanne.
Hesabu hiyo ilizua kesi ndefu kuliko uwindaji wenyewe,
na Amukoya akapewa mchuzi.

Ayuma alishika mmoja kabla hajachinjwa,
vidole vyake vimekuwa tundu la nane.
"Moyo wake unakimbia," alisema,
"lakini miguu imetulia."
Kisha: "Huyu alidhani anaitwa na nani?"
Okwemba hakuinua macho kwenye kisu.
"Na jamaa zake," akasema.
Mtoto akafikiri. Akamkabidhi.
Mchana alimla, mifupa na yote,
akaomba wa pili.

Mimi nilikwenda jikoni kuchukua chumvi.
Mama alikuwa ananyonyoa, manyoya hadi viwikoni,
na juu ya kichwa chake, dirishani,
simu yake ndogo ilining'inia kwa uzi
kwenye msumari mrefu, karibu na paa.
Nikaitazama. Akaniona naitazama.

"Mtandao hushika hapo tu," alisema,
akapuliza unyoya mdomoni,
akanipa bakuli nipeleke.