Mizani ya Mvinjeni

Bamburi, nyuma ya machimbo ya zamani,
mivinje bado inadondosha mvua ya usiku.
Mbodze amechuchumaa na kijiti na kichupa:
mavi ya tumbili, yangali yafuka mvuke.
Anaandika jina, tarehe, saa,
kama karani wa posta aliyepokea barua.

Na ni barua. Ndani mna kotisoli,
homoni ya mshtuko, ile ipandayo
mbwa akibweka, tingatinga likiwashwa.
Damu haijui kuficha.
Huichukua mpaka kwenye kondo, ikabisha hodi,
na aliyemo, hana jina, hajafumbua macho,
hufungua.

Pengo alishika mimba mwezi ule
walipokata mikwaju wajenge ukuta wa ghorofa.
Siku arubaini hakulala mti mmoja mara mbili.
Vichupa vyake vilizidi vya wenzake mara tatu.
Tukasema mwana huyu atazaliwa dhaifu.
Nilikwisha mpigia mstari daftarini, wa penseli,
nafasi ya tarehe ya kufa.

Alizaliwa mdogo, kweli, ngumi ya mtu.
Kisha akaanza kukua kwa pupa.
Tulimtegea ndizi juu ya mizani:
wiki ya sita kawapita wenziwe,
mwezi wa nne kaacha ziwa,
kama aliyeambiwa gizani,
wahi, mwanangu, nje hakukaliki.
Mbodze alipiga kigelegele.
Mimi nilifuta mstari wangu polepole.
Mwili ukikopa mapema hulipa,
hatujui lini, wala kwa kiungo gani.

Jioni nikapita Mshomoroni kwa mama.
Alikuwa akichambua mchicha.
Mama, mwaka ule walipotubomolea,
nilikuwa na miezi mingapi?
"Mitatu. Tumboni." Hakuinua uso.
"Nilikuwa nalala na viatu."

Nilivunja ungo kabla ya dada yangu mkubwa.
Darasa la nne nilimfikia mwalimu begani,
akinituma dukani kama mtu mzima, nami nikienda.

Umleavyo ndivyo akuavyo, twasema.
Umchukuavyo, hatusemi.

Nikamweleza habari za Pengo, za damu, za vichupa.
Alisikiliza mpaka mwisho.
"Sikukutisha," akasema. "Nilikuonya."
Akarudi kwenye ungo wake,
jani bovu huku, jani zima kule,
na moja akalishika muda mrefu,
asijue aliweke wapi.