Orodha ya Nyumbani

Mideva ndiye aliyeiweka kwenye simu yangu
likizo ya Agosti, amelala kifudifudi kwenye kochi:
"Mama, sasa utaacha kuandika mkononi."
Na kweli nilikuwa naandika mkononi.
Kiuno ishirini na nane, bega kumi na tano, Imbuga hajalipa;
halafu jioni nikiosha sufuria
wateja wangu wote wanateremka na povu.

Sasa nina orodha ya duka, hapa Luanda sokoni:
vifungo vya samawati, mafuta ya cherehani,
sketi kumi na moja za darasa la nne,
na Imbuga, ambaye simu humlilia kila Ijumaa kama kifaranga
na kila Ijumaa analipa kwa ahadi.

Ya nyumbani ni yetu wawili.
Adagala yuko Nakuru, kwenye bohari la mahindi,
mwaka wa sita huu.
Anachoandika kule kinatokea huku kabla sijapepesa.
Karo, awamu ya pili. Chumvi.
Paa la jikoni, mabati mawili, geji thelathini.
Nikiweka alama, kwake neno linapigwa mstari,
kisha kisauti, ti,
na hiyo ndiyo "umeamkaje" yetu.

Machi nilijua ana homa
kwa sababu dawa ya kikohozi iliingia saa tisa usiku
ikapigwa mstari alfajiri,
nami nimeketi kitandani nikiutazama mstari ule
kama mtu atazamaye moshi wa jikoni kwa jirani:
haya, wapo, wanapika.

Sikatai, inanisaidia.
Sijakosa siku ya chama, ng'ombe amechanjwa kwa tarehe yake.
Mama mkwe alicheka, eti mke gani
anakumbushwa chumvi na simu.
Juzi akanivuta pembeni: "Humo ndani,
niwekee na mimi viatu, namba sita, aone."
Siku tatu, viatu hivyo mlangoni.

Lakini chini kabisa, chini ya chumvi na mabati,
kuna neno moja niliandika
usiku ule alioondoka kabla ugali haujapoa:
Tuzungumze.
Sikulipa tarehe. Programu haipendi kitu kisicho na tarehe,
ikalitafutia ya kwake: leo.
Kila usiku wa manane inalibeba
bila kunung'unika, inalitua kesho.
Miezi minane.
Analiona. Lazima analiona,
kwa maana sabuni iliyo juu yake huikata
na kiberiti kilicho chini yake hukikata,
kidole kinaruka hapo katikati
kama mtu anayekunja suruali avuke tope.
Na mimi naruka.

Jana nafunga duka, mvua ya saa kumi imeshika mabati,
ti.
Nikadhani ni chumvi tena.
Hakulikata. Ameandika chini yake,
ameingiza ndani kidogo, kama mtoto wa neno lile:
Jumamosi. Nakuja na mabati.

Nilisimama na kufuli mkononi hadi mvua ikanilowesha.
Nikaandika: kuku.
Nikafuta.
Nikaandika: unga, kilo mbili. Chumvi ipo.