Gunia la Maranda

Keko, nyuma ya karakana ya vitanda,
gunia langu limejaa maranda ya mninga.
Nikilipiga linakohoa vumbi.
Nami nakohoa. Tumezoeana.

Miaka arobaini na moja. Goti la kushoto
linajua mvua kuliko redio.

Restuta hakuuliza mikanda niliyotwaa.
Alitaka pambano moja tu, lile la Tanga,
raundi ya sita. Akalitazama kwenye simu yenye ufa,
akalirudisha, akalirudisha,
mpaka nikamwonea aibu yule kijana aliyekuwa mimi.

"Hapa," akasema, kidole juu ya ufa,
"ulianguka kabla hujapigwa."

Sikubisha.
Miaka tisa nimemlaumu refa,
promota, na chipsi mayai ya stendi.

Sasa alfajiri nazunguka Chang'ombe
nikihesabu pumzi, si nguzo za umeme.
Jioni nafunga bandeji mwenyewe;
anazifungua, anazifunga upya, hasemi neno.

Jana fundi Mbwiga, randa mkononi, akauliza:
"Mzee, kweli unarudi ulingoni?"
Kwanza, nikamwambia, najifunza kusimama.

"Basi usinitobolee gunia," akasema.
"Maranda hayo yana mteja wa kuku."