Inchi Sita

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
lakini chini ya gari lako, Peio,
nimeingia kwa magoti tu, kofia kichwani,
taa mkononi kama mtu anayekagua dari.
Inchi sita. Umemwinulia nani?

Nje theluji ya Elko inaanguka kavu,
chumvi inayonyunyizwa na mtu mchoyo.
Ndani kuna harufu ya oili ya gia iliyoungua,
na wewe umeegemea benchi langu, mikono mfukoni,
ukiniapia kwamba kosa ni la giaboksi.

Giaboksi halina kosa.

Sikiliza. Inchi nne ni za springi:
chasisi imepanda, giaboksi likapanda nayo,
ekseli ikabaki chini na magurudumu yake.
Propela shafti iliyozoea kujinyoosha
sasa inateremka kama ngazi ya ghalani,
na krosi zake zinazunguka zimekunja shingo.
Ndio ule mtetemo unaokupanda matakoni
ukifika maili hamsini, nawe ukaongeza redio.
Kamba hukatikia pabovu, wanasema.
Hii haikuwa mbovu. Umeipinda
mpaka ikajifunza ubovu.

Inchi mbili ni za vile vigingi vya plastiki
mlivyovisokomeza kati ya bodi na chasisi,
wewe na Dwayne, usiku mmoja, jeki mbili.
Bodi ikapanda. Transfa kesi haikuambiwa.
Liva imefungwa juu, kazi yake iko chini,
na fimbo inayoziunganisha ina urefu uleule.
Basi ukivuta, inafika karibu.
Karibu na gia si gia.
Meno yanagusana kwa ncha, kama wagomvi wawili
wanaopeana vidole msibani
kwa kuwa bibi anatazama.
Mzigo ukija, yanaachana.

Yaliachana lini? Hukunieleza.
Ila nimeona gome la mti kwenye bampa ya nyuma,
mkwaruzo wa futi tatu ubavuni,
nyasi za kondoo zimegandia kwenye ndoano ya trela,
na kirungu cha liva umekifunga
kwa kamba ya mpira kwenye mguu wa kiti.
Kamba ya mpira, Peio!
Kaka yangu aliiingiza gia hii kwa vidole viwili
huku akimenya chungwa.

Na hayo magurudumu. Usinitazame hivyo.
Mlimani otomatiki inapanda, inashuka, inapanda,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Spidi mita inakusomea sitini;
polisi atakusomea sitini na saba.

Nilikuwa na maneno mengine, makali zaidi,
nimeyachonga tangu asubuhi.
Kisha nikapanda ndani kupima liva
nikakuta kiti kimevutwa mbele hadi mwisho wa reli,
na juu yake blanketi la baba yako
limekunjwa mara nne, limebonyea katikati.
Miaka kumi na tisa, kimo cha mama yako.
Boneti la gari lile ni refu.
Kaka yangu alilitazama kutoka juu, bila kujua
kwamba kuna kutazama kwingine.

Nikashuka. Sikusema kitu.
Nimejifanya natafuta spana ya kumi na nne.

Gari silishushi.
Fimbo nitaikata, nitaiunga, nitaipa inchi zake mbili.
Shafti itakwenda kwa Orval akairefushe,
pinioni nitaiinamisha digrii chache iitazame,
na difu tutaitafutia meno ya kufaa miguu mipya.
Hela utalipa kidogo kidogo. Utalipa, lakini.

Haya, panda. Kanyaga breki. Vuta.

Umesikia? Huo mlio mfupi, mzito,
kama mlango wa stoo unaofungwa na mwenye stoo.
Tena.

Hiyo kamba ya mpira iache hapa.
Mlango wa choo changu haujifungi.